UWINDAJI NA SHAURI LA WANANCHI



Wenyeji wa Ngara na Biharamulo wajua kuwa pori ni jirani yao, na jirani hana budi kuwekewa mipaka. Mapori ya Akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalikuwa mahali ambapo kuwinda kuliwezekana kwa kibali tu. Mwaka 2019 yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye kilometa za mraba 4,707, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Hivyo kanuni hubadilika, na kijana asiyefuatilia habari aweza kuingia gerezani kwa ajili ya paja la swala.

Je, kanuni zinapokusudiwa kubadilishwa, mwananchi anayo kauli? Naam, anayo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 humpa Waziri uwezo wa kutunga kanuni, lakini Katiba, Ibara ya 21, humpa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mtu mzima, mume kwa mke. Nasi Waislamu si wageni wa mashauriano: Qur'ani ina sura iitwayo Ash-Shura, na Mtume (s.a.w.) kabla ya vita vya Uhud aliwasikiliza masahaba wake, akaifuata rai ya wengi.

Madhara ya kuyasahau mahitaji ya watu tuliyaona Ngara. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Rusumo kwa malaki, wakakaa Benaco na kambi nyingine. Walipewa mahindi na maharagwe, nyama hawakupewa. Basi wakaitafuta porini kwa mitego, na wanyama wa Burigi na Biharamulo wakapungua sana. Amri peke yake haishibishi tumbo.

Basi tuseme nini mkutanoni? Kwanza, mkulima ambaye shamba lake limeliwa na tembo aulizie kifuta jasho, na aliyefiwa aulizie kifuta machozi, maana haki hizo zimo katika kanuni za mwaka 2011. Pili, tuulize kama kibali cha kuwinda mahali panaporuhusiwa chapatikana kwa mtu wa kipato kidogo, au ni cha matajiri tu. Tatu, tangu mwaka 2020 kanuni zimeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Mama wa Kiislamu anunuaye humo ana haki ya kujua: mnyama huyu ni wa aina gani, maana ngiri hatumli, nani kamwinda, je, alitaja jina la Mwenyezi Mungu alipopiga, na alipomkuta yu hai, alimchinja? Tusipoliomba jambo hili liandikwe, hapana atakayelikumbuka kwa niaba yetu.

Wala tusiseme, "Nyati ni halali, basi nitamtega nipendapo." Mali ya umma ina wenyewe wengi, pamoja na watoto ambao hawajazaliwa. Anayeiona kanuni kuwa dhuluma na aipinge mchana, mbele ya watu, asiivunje usiku.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wepesi wa kuhudhuria na wakweli wa kusema. Amin.