Kitanzi cha waya kinavyoweza kulemaza hospitali nzima

MNAMO Novemba 13, 2002, mtandao wa kompyuta wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, ulianza kujikokota, kisha ukakwama. Kwa takriban siku nne madaktari wake walilazimika kurudia kalamu na karatasi. Kwa saa kadhaa, kitengo cha dharura kilifungwa.

Hapakuwa na mdukuzi wala virusi. Mtandao ule ulikuwa umejifunga kitanzi wenyewe.

Swichi ni kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za jengo moja. Inapopokea ujumbe unaolenga wote, huunakili na kuutoa kupitia kila tundu isipokuwa lile ulikoingilia. Sasa, swichi mbili zikiunganishwa kwa nyaya mbili, au ncha zote za waya mmoja zikichomekwa kwenye swichi ile ile, ujumbe hurudi ulikotoka, ukanakiliwa tena, ukarudi tena. Pakiti za intaneti hubeba hesabu inayopungua kila zinapopita kwenye ruta. Ikiisha, pakiti hutupwa. Fremu za Itheneti, zinazotumiwa na swichi, hazina hesabu hiyo. Huzunguka hadi mtu ang'oe waya, na katika muda mfupi mtandao hukosa nafasi ya jambo jingine lolote.

Ajabu ni kwamba waya wa pili mara nyingi huwekwa kwa nia njema, ili wa kwanza ukikatika kazi iendelee. Radia Perlman, akiwa mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment, alilitegua fumbo hili mwaka 1985. Katika itifaki yake ya spaningi trii, swichi hupashana habari, huteua mojawapo kuwa shina, kisha hufunga kila njia ya ziada na kuiweka akiba. Mwaka 1990 itifaki hiyo ikawa kanuni rasmi ya IEEE.

Kasoro ni kuwa wasimamizi wengi huiachia mashine iamue kila kitu. Wasipotaja shina, swichi zote huwa na kipaumbele sawa, 32768, na ushindi huiendea yenye anwani ndogo zaidi ya kiwandani. Aghalabu hiyo huwa ndiyo kuukuu kuliko zote, labda iliyosahauliwa chini ya ngazi! Vipimo vya muda vya itifaki hiyo navyo vilikadiriwa kwa mtandao usiozidi swichi saba kutoka pembe moja hadi nyingine. Hospitali ya Boston ilikuwa imeongeza vitengo kidogo kidogo kwa miaka mingi hadi ikaupita upeo huo. Data za mtafiti mmoja zilipofurika, swichi zikashindwa kusikizana.

Kumlaumu mtafiti huyo, kama afisi nyingi zinavyomrukia mfagizi aliyechomeka waya wa simu pasipofaa, ni kukwepa kuuliza nani aliyeuchora mtandao, na ikiwa mchoro wenyewe upo.

Kinga mara nyingi imo tayari ndani ya swichi iliyokwisha kulipiwa. Toleo la spaningi trii la mwaka 2001 laweza kupata njia mpya kwa sekunde chache badala ya zile 30 hadi 50 za awali, hivyo kuizima kwa kisingizio cha kuchelewesha kompyuta hakuna mashiko. Matundu ya mezani yanaweza kuamriwa yajifunge pindi yanapopokea ishara za swichi. Muhimu zaidi, jengo kubwa ligawanywe kwa ruta, ili kitanzi cha orofa ya tatu kisizime maabara iliyo chini. Swichi rahisi zinazofichwa chini ya meza bila mhandisi kujua kwa kawaida hazina kinga hizi.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 imeweka msingi wa mfumo jumuishi wa habari za afya. Mjadala umeelemea usiri wa data na kasi ya intaneti. Nyaya za ndani ya hospitali hazitajwi sana. Kabla ya kumlipa mkandarasi, hospitali yoyote imtake akabidhi mchoro wa mtandao, kisha achomeke ncha zote mbili za waya kwenye matundu ya ukutani mbele ya wasimamizi, ili waone kama yatajifunga.