Karantini Isiwe Adhabu

Mwezi wa Februari 2021, mjini Valencia nchini Hispania, mamia ya farasi walikusanyika kwa mashindano ya kuruka vizuizi. Baadhi yao wakashikwa na homa. Ilipobainika kwamba ni virusi vya herpesi vya farasi, wengine walikwisha kuondoka uwanjani. Farasi 18 walikufa barani Ulaya, na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi likasimamisha mashindano katika nchi nyingi za bara hilo hadi tarehe 11 Aprili.

Wapo watakaouliza: farasi wa Ulaya watuhusu nini sisi watu wa visiwani? Watuhusu, kwani punda avutaye gari la mchanga hapa kwetu ni wa ukoo mmoja nao, na virusi hivyo humwambukiza yeye pia. Hatusemi kwamba maradhi yamebisha hodi. Twasema mwenye busara hujifunza kwa msiba wa mwenziwe.

Maradhi haya yana hila. Huenea kwa pumzi na makamasi, kwa ndoo ya maji inayoshirikiwa, hata kwa mikono na nguo za mtunzaji. Huanza kwa homa. Baadaye jike huweza kuharibu mimba, au miguu ya nyuma ikalegea mpaka mnyama akashindwa kusimama. Aliyepona hubaki na virusi mwilini, vikilala na kuamka anapotaabishwa. Chanjo ipo, lakini haizuii kwa uhakika maradhi yanayoshika mishipa ya fahamu.

Kwa hiyo silaha kubwa ni nidhamu: kupima joto mara mbili kwa siku, kumtenga mwenye homa, kuwahudumia wazima kwanza na wagonjwa mwisho, na kutoruhusu mnyama kuingia wala kutoka mpaka zipite wiki tatu au nne tangu mgonjwa wa mwisho. Jambo hili si geni kwetu. Tuliosoma chuoni twakumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza ngamia wagonjwa kuchanganywa na wazima, na kisiwa chetu cha Changuu kiliwahi kuwa karantini ya homa ya manjano.

Hata hivyo, tuseme kweli. Mara nyingi karantini huvunjwa na njaa kabla ya kuvunjwa na ukaidi. Mchukuzi anayeamriwa kumfunga punda wake siku 21 huuliza wanawe watakula nini. Asipopata jibu, atauficha ugonjwa, na hapo amri zote za ofisini zitakuwa karatasi tupu.

Tunawaomba viongozi wanaohusika wasingoje siku ya balaa. Kila mfugaji ajue leo ni nani wa kumpasha habari mnyama anapougua, na mpango wa kumsaidia atakayezuiwa kufanya kazi uandaliwe mapema. Nao wafugaji watoe habari bila ya kuficha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.