Heshima Si Utumwa, Hata Uwanjani kwa Gofu

Uungwana ni vitendo, walisema wahenga. Lau wangaliishi hadi zama hizi wakauona mchezo wa gofu, labda wangalikubali kwamba ni michezo michache impimayo mtu uungwana wake kama huo. Katika kandanda yuko refa mwenye filimbi. Katika ndondi yuko refa baina ya mabondia. Lakini mcheza gofu wa siku za kawaida hana refa wa kumfuata nyuma. Yeye ndiye mchezaji, na yeye ndiye shahidi wa makosa yake mwenyewe.

Mfano wa sifa hiyo ni Bobby Jones wa Marekani. Mwaka 1925, katika mashindano makuu ya nchi yake huko Worcester, mpira wake ulisogea kidogo alipokuwa akijiandaa kuupiga. Alijishitaki mwenyewe, akajiongezea pigo moja. Pigo hilo lilimkosesha ushindi wa moja kwa moja, na katika marudiano akashindwa na Willie Macfarlane. Kombe lilikwenda kwa mwingine, bali jina jema lilibaki kwake.

Kanuni za zamani kabisa za gofu zijulikanazo ziliandikwa mwaka 1744 huko Leith, Uskochi, nazo zilikuwa 13 tu. Za leo ni nyingi zaidi, na zilipofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019, adabu iliwekwa katika kanuni ya kwanza kabisa. Kanuni hiyo yataka mambo matatu: uaminifu, kuwajali wengine na kuutunza uwanja.

Mambo yenyewe si magumu. Mwenzako akijiandaa kupiga, nyamaza na usitikisike. Ukichimbua nyasi, zirudishe. Ukitoka katika shimo la mchanga, futa nyayo zako kwa reki. Mpira ukipotea, utafute kwa dakika tatu, si zaidi, maana wako wanaokungoja. Na mpira ukielekea penye watu, piga ukelele wa "Fo!" bila kuona haya, kwani mpira wa gofu ni mgumu kama jiwe na waweza kumtoa mtu jicho.

Wala adabu hiyo haichagui mkubwa. Mwezi Februari 2019, huko Saudi Arabia, Sergio Garcia wa Uhispania, aliyekuwa bingwa wa Masters mwaka 2017, aliondolewa mashindanoni kwa kuharibu nyasi za penye mashimo kwa sababu ya hasira.

Sasa twauliza: ikiwa nyasi zina haki ya kuheshimiwa, je, mtu anayetembea juu yake akibeba mfuko wa mwenzake?

Twamzungumzia kedi. Klabu ya gofu ya Nairobi, ambayo leo huitwa Royal Nairobi, ilianzishwa mwaka 1906. Katika enzi za ukoloni Mwafrika hakuingia katika viwanja vya namna hiyo kama mwanachama. Aliingia kama mbeba mfuko au mkata nyasi, akaitwa "boi" hata kama kichwa kilikuwa kimejaa mvi. Ukoloni umekwisha, na wanachama leo ni Wakenya wa kila kabila na kila rangi. Hata hivyo, bado wako wachezaji waliorithi fimbo pamoja na ule ulimi. Mpira ukienda kichakani, mwenye makosa ni kedi. Mpira ukiingia shimoni, mwenye sifa ni bwana mkubwa.

Watu kama hao hawaujui mchezo wao. Kwa kanuni za gofu, mchezaji anayecheza peke yake haruhusiwi kuomba shauri kwa mtu yeyote katika raundi isipokuwa kedi wake. Huyo ndiye ajuaye upepo wa pale, mteremko wa nyasi, na ni ipi ifaayo kati ya zile fimbo, zisizozidi 14, zilizomo mfukoni. Si wachache kati ya wachezaji wetu wa kulipwa ambao walianza wakiwa makedi. Huyo si punda, ni mshauri.

Watasema wengine kwamba kedi hulipwa, basi na avumilie. La hasha! Ujira hununua kazi, haununui utu. Isitoshe, dharau huuharibu mchezo wenyewe. Kedi anayetishwa kwamba hatalipwa mpira ukipotea, atajaribiwa kuusogeza kwa mguu hadi mahali pazuri ili kuokoa chakula cha watoto wake. Hapo mchezaji atakuwa mdanganyifu pia, kwa kuwa kanuni humbebesha yeye makosa ya kedi wake. Mchezo uliojengwa juu ya uaminifu utakuwa umebomolewa na ulimi mchafu.

Makedi nao wana wajibu wao. Na wafike kwa wakati, wanyamaze panapotakiwa kimya, na waseme kweli hata inapouma. Heshima ni ya pande zote mbili.

Kanuni za sasa huziruhusu kamati za mashindano kuandika sheria zao za mwenendo na kuweka adhabu ya mapigo. Twazihimiza klabu zetu zitumie ruhusa hiyo. Amtukanaye kedi na aongezewe mapigo, kama vile angaliharibu nyasi. Na malipo yajulikane kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, yatolewe mara mchezo uishapo, mchezaji awe ameshinda au ameshindwa.

Kumwita mtu kwa jina lake na kumwambia ahsante hakupunguzi nguvu za mkono wala hakupotezi mpira. Heshima si utumwa, na asiyeweza kumpa heshima mbeba mfuko wake, hata akirudi na vikombe kumi, bado hajajifunza gofu.