Mutuelle tumelipa, daktari wa moyo tumwone wapi?

Miezi michache iliyopita shangazi yangu, mkulima wa wilayani Kayonza, alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi kila alipolala. Majirani wakamwambia huo ni ugonjwa wa moyo, akimbilie Kigali. Akauza mbuzi, akapanda basi, akafika kwangu. Mchango wa Mutuelle de Santé alikuwa ameulipa, kama alivyoulipa kila mwaka.

Nilimpeleka kwenye kliniki moja ya binafsi yenye daktari bingwa wa moyo. Tulipanga foleni tangu asubuhi. Ilipofika saa sita karani akatuuliza bima yetu. Tuliposema Mutuelle, akatikisa kichwa. Kliniki ya pili jibu lilikuwa lile lile.

Nakiri kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu. Mutuelle, ambayo tangu mwaka 2015 inasimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii (RSSB), ina ngazi zake: kituo cha afya kwanza, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa, na kila ngazi inataka barua ya ile ya chini yake. Mwanachama anayezifuata hulipa asilimia 10 tu ya gharama hospitalini. Anayeziruka hujilipia mwenyewe.

Lakini kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Hospitali ya Rwinkwavu, iliyo katika wilaya yake mwenyewe, ina kliniki ya magonjwa sugu iliyoanza mwaka 2006, ambamo wauguzi waliofunzwa hupima moyo kwa mashine ya ultrasaundi, humwanzishia mgonjwa dawa na kumpeleka mbele yule anayehitaji daktari bingwa. Mwaka 2022 mawaziri wa afya wa Afrika walipokutana Lomé walipitisha mkakati wa PEN-Plus, uliotokana na uzoefu wa kliniki za namna hiyo. Afrika nzima imesikia habari zake, na shangazi yangu, jirani yake, hakusikia.

Serikali imefanya kazi kubwa ya kuwaingiza wananchi katika bima, na hilo hatulipingi. Ila bima ambayo mwenye nayo hajui aitumie wapi ni sawa na kisima kisicho na kamba. Tunawaomba wahusika mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Kila kituo cha afya kibandike ukutani majina ya hospitali zenye huduma ya moyo na siku zake. Kliniki za binafsi ziandike mlangoni bima zinazopokea, mgonjwa asipoteze nusu siku kwenye foleni. Na wajumbe wa afya wa vijiji walieleze jambo hili katika mikutano baada ya umuganda.

Nanyi wasomaji, kuuliza si ujinga. Kabla ya kuuza mifugo, ulizeni kwenye kituo chenu cha afya. Aliyebanwa na kifua ghafla asingoje barua, akimbizwe hospitali iliyo karibu.

Shangazi alirudi nyumbani, akaanzia kituo cha afya, akapimwa, na sasa anatumia dawa na analala usingizi. Lakini mbuzi wake amekwenda bure, na wangapi wengine wako barabarani kuelekea Kigali leo?