Permi ya motokari si karatasi ya uraia

Katika Marekani watu wanashindana tangu miaka mingi juu ya jambo hili: mgeni anayekaa katika nchi bila karatasi za serikali, je, apewe permi ya kuendesha motokari, ama anyimwe? Wengine watatuuliza: Jambo la mbali namna hii latuhusu nini? Latuhusu. Wakongo wengi walipokelewa kule kama wakimbizi. Wao wana karatasi zao. Lakini watoto wao wanavuka njia zile zile pamoja na watu wote. Tena ugomvi huu unatufundisha kupambanua mambo mawili ambayo watu wanapenda kuyachanganya.

Kwanza tujue mambo yalivyo. Kule permi haitolewi na serikali kuu, bali na kila jimbo. Jimbo la Washington lilianza mwaka 1993. Katika California gavana Jerry Brown alitia sahihi sheria mwaka 2013, ikaanza kazi Januari 2015. Mwaka ule wa kwanza tu watu zaidi ya 600,000 walipata permi. New York ilifuata mwaka 2019. Katika Massachusetts gavana alikataa, lakini mwaka 2022 baraza la jimbo likaipitisha sheria juu ya kukataa kwake, na wananchi wakaithibitisha kwa kura. Wengine walishika njia nyingine. Wananchi wa Oregon walikataa kwa kura mwaka 2014, ingawa jimbo lilitunga sheria mpya ya kukubali mwaka 2019. Na Florida mwaka 2023 ilitunga sheria ya kutotambua permi za namna hiyo kutoka majimbo mengine.

Wapinzani wanasema nini? Wanasema: “Aliyevunja sheria asipewe zawadi.” Neno hili lina sura nzuri, lakini ndani ni tupu. Tangu lini mtihani umekuwa zawadi? Permi ni ushuhuda kwamba mtu amejifunza alama za njia, macho yake yamepimwa, naye ameendesha mbele ya mkaguzi akashinda. Ukimfungia mtu mlango wa mtihani, hukumwadhibu yeye peke yake. Umemwadhibu pia mtoto anayevuka njia. Maana mgeni yule hataacha kuendesha. Pahali pengi katika Marekani hakuna basi, na shamba ama kiwanda anakofanya kazi ni mbali na nyumba yake. Watoto wake wanataka kula. Basi atashika usukani, akiwa na permi ama hana. Serikali haichagui kama aendeshe ama asiendeshe. Inachagua kama aendeshe akiwa amepimwa, ama hajapimwa.

Tena tazameni jambo la pili. Mtu asiye na permi akimgonga mwenzake, hofu inamshika mara mbili: hofu ya kosa lenyewe, na hofu ya kufukuzwa katika nchi. Ndiyo maana wengine wanatoroka, wakimwacha aliyeumia katika damu yake. Haya si maneno ya kubuni. Wataalamu wa chuo kikuu cha Stanford walichunguza hesabu za California, wakatangaza mwaka 2017 kwamba sheria ile ilipunguza ajali za kugonga na kutoroka kwa asilimia 7 mpaka 10 katika mwaka 2015. Na hesabu ya ajali zote haikuongezeka. Je, tunamtetea anayetoroka? Sivyo! Anatenda dhambi kubwa. Lakini sheria yenye akili haimwongezei mwoga sababu ya kukimbia.

Wengine wanasema: “Wakipata permi watajifanya raia, watapiga kura.” Waisome basi karatasi yenyewe. Permi hii ya California ina maandishi ya kuonyesha kwamba haikubaliwi kwa mambo ya serikali kuu. Haimpi mtu haki ya kukaa katika nchi, wala ya kupiga kura, wala ya kupata kazi. Inasema jambo moja tu: huyu amepimwa, anajua kuendesha.

Nao wanaotetea permi tuna neno kwao. Mgeni akiandikishwa, jina lake na makao yake vinajulikana. Kama kitabu kile kinafunguliwa kesho mbele ya wale wanaofukuza wageni, permi imekuwa mtego. Sheria ya New York ilikataza kuwapa habari hizo bila amri ya hakimu. Na Februari 2025 serikali kuu iliishtaki New York juu ya sheria hiyo. Twasema wazi: jimbo linalomwita mtu aje kupimwa macho, kisha linamtoa kwa siri, limemdanganya. Na wote watarudi kuendesha kwa kujificha kama zamani.

Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake. Hatuikatai haki hiyo. Iamue kwa haki nani abaki na nani arudi kwao. Lakini shauri hilo lina mahakimu wake. Njiani swali ni lingine: aliyeshika usukani, anajua kazi yake?

Nasi hapa Kongo tusijione wenye haki kuliko wengine. Kwetu tunawafahamu watu walionunua permi bila kufanya mtihani wo wote. Hao wana karatasi, hawana ujuzi. Kule wako wenye ujuzi wanaonyimwa karatasi. Ubaya ni mmoja: karatasi imeachana na ukweli, na anayelipa ni mtu wa miguu. Basi mkisikia watu wakibishana juu ya permi, msiulize kwanza dereva ametoka wapi. Ulizeni kama ataweza kusimamisha motokari yake mtoto akitokea njiani.