Je, Yafaa Kumpenda Mcheza Kamari?

Natoa shauri langu juu ya jambo lililobishaniwa sana bwenini tangu tuliporudi likizo. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa mwanafunzi kumpenda shujaa ambaye kazi yake ni kucheza kamari?

Shujaa ninayemsema si mtu wa kweli. Ni Bret Maverick, wa mchezo wa televisheni wa Marekani ulioitwa Maverick, ulioonyeshwa tangu mwaka 1957 hata 1962. Aliyeubuni ni Roy Huggins, na aliyecheza nafasi ya Bret ni James Garner, ambaye alifariki mwaka 2014. Picha zake ni za zamani, nyeusi na nyeupe, lakini hata leo zachekesha.

Siku zile televisheni ya Marekani ilijaa hadithi za kauboi. Katika Gunsmoke, mchezo ulioanza mwaka 1955, Matt Dillon ni mlinzi wa sheria, mrefu, mkimya, tena hodari wa bastola. Bret ni kinyume chake. Yeye huhama mji hata mji akicheza karata za poka. Bastola anayo, lakini hajisifu kwayo. Akiona hatari hupenda kuondoka kwa mlango wa nyuma, wala haoni haya kusema kwamba ameogopa. Ndani ya koti lake amebana kwa pini noti ya dola 1,000, akiba ya siku ya shida. Jina lake nalo ni neno ambalo watu wa Texas walimwitia ng'ombe asiyetiwa chapa ya mwenyewe.

Wako wasemao kwamba mtu wa namna hii hafai kutazamwa na vijana. Mimi sikubaliani nao. Bret ana makosa, lakini ana wema pia, na wema wake ni wa kujifunza. Katika hadithi moja ya mwaka 1958 aliweka dola 15,000 benki, na mwenye benki akamwibia kwa kukana kwamba hakupokea kitu. Shujaa mwingine angaliingia na bastola mkononi. Bret alikaa barazani juu ya kiti cha kubembea, akachonga kijiti siku nyingi, watu wa mji wakimcheka. Kumbe nduguye Bart na rafiki zao walikuwa wakimtegea mwizi yule mtego, na tamaa yake mwenyewe ndiyo iliyomwingiza. Fedha zikarudi, wala hakupigwa mtu risasi. Akili ni mali, wasema wazee.

Basi, na tumpende. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja, na kudhani kwamba wewe ndiwe yeye ni jambo jingine. Hapo ndipo nilipokosea mimi, na kwa kuwa Bret hakuona haya kukiri udhaifu wake, nami nitakiri wangu.

Likizo iliyopita nilipewa na mama shilingi 20,000 za nauli na madaftari. Nilikuwa nimetazama hadithi za Bret usiku mfululizo, na kichwa kilinijaa. Nikaazima simu ya mtu mzima, nikabeti juu ya michezo ya mpira ya Ulaya. Siku ya kwanza nilipata. Siku ya pili nilikosa, na siku ya tatu nikafuata zile nilizozikosa, kama mtu atupaye ndoo kisimani ili kuitafuta kamba. Siku ya nne sikuwa na nauli. Mama hakunigombeza. Alikwenda kukopa kwa jirani, na mimi nilimwona akirudi njiani polepole, ameinamisha kichwa. Fimbo ningaliipenda zaidi.

Tangu hapo nimeifikiri sana hadithi nyingine ya Bret, ya mwaka 1958 pia. Anachukua karata 25 bila kuzichagua, akadai kwamba atazipanga mafungu matano ya karata tano tano, na kila fungu liwe lenye nguvu katika poka: namba zinazofuatana, au zote kopa, au zote shupaza, au tatu za namba moja pamoja na mbili za namba nyingine. Asiyejua huona kwamba hilo haliwezekani, kwa hiyo hukubali kushindana naye. Kumbe ukijua kupanga, hufanikiwa karibu mara 98 katika kila 100. Lionekanalo kama bahati ni hesabu tupu.

Sasa, wenzangu, tujiulize: katika kubeti, nani aijuaye hesabu? Tuseme timu mbili zalingana kabisa. Malipo ya haki kwa shilingi 100 yangekuwa shilingi 200, lakini tuseme mwenye mchezo atoa 190. Ukicheza mara 100 utaweka shilingi 10,000. Ukishinda nusu, utarudishiwa 9,500. Zile 500 ni zake, awe amefungwa nani, awe ameshinda nani. Aliyekaa mahali pa Bret ni yeye. Sisi ni yule mgeni wa upande wa pili wa meza, ambaye hadithi haimtaji hata jina.

Tena Bret ana mtungaji wa hadithi, anayeweza kumrudishia fedha zake kabla mchezo haujaisha. Mimi sikuwa na mtungaji, nilikuwa na mama. Hata Bret alijua kutenga fedha za mezani na fedha za akiba, lakini mimi nilichezea akiba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba yafaa kumpenda. Tumpende kwa ucheshi wake, na kwa kutumia akili kabla ya bastola, na kwa kusema kweli juu ya woga wake. Lakini atakayetaka kumwiga na aanze na hesabu, naye ataona mwenyewe kwamba kiti kilichobaki wazi pale mezani si cha Bret.