Mbio za Baiskeli ni Jambo la Chama



Limezuka neno katika mikutano ya tawi ambalo hatuwezi kulinyamazia. Wapo wenzetu wanaosema kwamba mbio za baiskeli hazikihusu chama. Wanasema: mishahara ni midogo, vibarua wanaajiriwa kwa siku na kufukuzwa kwa siku, nanyi mnatuletea habari za michezo! Maneno hayo tunayaheshimu, kwa sababu yanatoka kwa watu wanaolipa ada zao kwa shida. Lakini hatukubaliani nayo, na hapa tutaeleza kwa nini.

Sisi tunaoandika haya tu watu wa baiskeli. Baadhi yetu tumo katika viwanda vya maziwa na vya vinywaji hapa Mbarara. Wengine tunachuma chai upande wa Bushenyi. Wengine tunaishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na kufanya vibarua katika migomba ya Isingiro. Jumapili, anayepata nafasi huja barabarani. Kocha hatuna. Baiskeli zetu nyingi ni zile zile za gia moja zinazobeba mikungu ya matoke siku za kazi. Tunachofanya ni kufungua keria, kupaka mnyororo mafuta na kujaza upepo.

Mtu akitutazama husema tunacheza mchezo wa matajiri. Kwa upande mmoja ana haki. Baiskeli za mabingwa wa dunia hukaribia uzito wa kilo 6.8, ambao ndio wa chini kabisa unaoruhusiwa na kanuni za kimataifa, na bei ya moja yaweza kushinda bei ya pikipiki mpya ya bodaboda. Yetu ni chuma kitupu, kilo ishirini hivi kabla hujaweka kitu juu yake. Lakini tazameni ni nani walioujenga mchezo huu. Mtu wa kwanza kushinda Tour de France, mwaka 1903, alikuwa Maurice Garin, ambaye katika ujana wake alisafisha mabomba ya moshi ya nyumba za watu. Uingereza, mwaka 1894, wasomaji wa gazeti la kisoshalisti la Clarion walianzisha chama chao cha baiskeli mjini Birmingham. Miaka miwili baadaye wafanyakazi wa Ujerumani waliunda chama chao mjini Offenbach, wakakiita Mshikamano. Kilikua hata kikawa na kiwanda chake chenyewe cha baiskeli, na mwaka 1933 Wanazi wakakipiga marufuku. Serikali ya namna ile haikuwa na sababu ya kuogopa mchezo wa watoto. Iliwaogopa wafanyakazi waliozoea kutoka pamoja na kurudi pamoja.

Tusiende Ulaya tu. Majirani zetu wa Rwanda walipoanza kufundisha kikosi chao cha taifa mwaka 2007, chini ya Jonathan Boyer, Mmarekani aliyewahi kupanda Tour de France, waliokuja walikuwemo vijana waliokuwa wakibeba abiria na viazi kwa baiskeli ili wapate kula. Kutoka kikosi hicho Adrien Niyonshuti alifika Olimpiki ya London mwaka 2012. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, kupanda na kushuka vilima vya mji. Walianza zaidi ya watu 160, wakamaliza 30 tu. Aliyeshinda ni Tadej Pogačar wa Slovenia. Upande wa wanawake alishinda Mkanada, Magdeleine Vallieres, ambaye wengi hawakumtaja kabla ya siku ile. Kigali ni pale tu, ukivuka mpaka wa Mirama au Katuna. Mtu wa Mbarara hawezi kusema tena kwamba mambo haya ni ya ng'ambo.

Basi kwa nini hatuna wapanda baiskeli wengi wa mashindano, hali kila kukicha barabara ya Kikagati imejaa watu wanaokanyaga pedeli? Hapa ndipo penye neno letu.

Watu hudhani mbio zinashindwa kwa miguu. Miguu tunayo. Anayesukuma mikungu minane ya matoke kutoka bondeni mpaka soko la juu ana nguvu ambayo vijana wa mjini hawana. Lakini nguvu ya kusukuma mzigo polepole si nguvu ya mbio, na mazoezi si kuchoka tu. Unapopanda kilima kwa kasi unauumiza mwili kidogo. Mwili unajijenga upya baadaye, unapolala na unapokula. Asiyelala hajengeki. Ndiyo maana wanaojua kazi hii huenda kwa kasi siku mbili tu katika juma, labda tatu, na siku nyingine huenda taratibu, kasi ambayo mtu anaweza kuzungumza na mwenzake bila kuhema, na siku moja hawagusi baiskeli kabisa.

Sasa mtazameni mwenzetu wa kiwandani. Amefanya zamu ya usiku, akaombwa ovataimu asubuhi, akarudi nyumbani saa sita mchana watoto wanapiga kelele. Saa ngapi atalala? Mwenzetu wa chai amekuwa kilimani na kikapu mgongoni tangu alfajiri kwa sababu analipwa kwa kilo. Akipanda baiskeli jioni haongezi nguvu. Anakula akiba ya mwili wake. Tumewaona vijana wa namna hii wakianza kwa moto mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu wamekonda, wana kikohozi, wameacha. Watu wakasema hawana moyo. Moyo walikuwa nao. Walichokosa ni siku ya mapumziko.

Na siku hiyo si zawadi ya meneja. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kazi ya kawaida isizidi saa 48 kwa juma, na kwamba mfanyakazi asifanye kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila kupata saa 24 za kupumzika. Mara ngapi tumeona siku hiyo inahamishwa, inauzwa, au inasahauliwa? Mfaransa wa kiwandani alipopata likizo ya majuma mawili yenye malipo mwaka 1936, baada ya migomo, kitu cha kwanza alichofanya ni kupanda baiskeli na mkewe kwenda kuiona bahari. Baiskeli ilikuwapo siku zote. Zilizokosekana ni zile siku.

Jambo la pili ni chakula, nalo twapenda kulieleza kirefu kwa sababu vijana wengi wanaangamia hapa. Mwili wa mtu una akiba ya sukari inayotosha saa moja na nusu, pengine saa mbili, za kwenda kwa nguvu. Baada ya hapo, kama hukula njiani, miguu inakuwa kama mbao, macho yanaona giza, na kijana uliyempita kwenye mteremko anakupita akipiga mluzi. Dawa yake haina siri: kula kabla njaa haijaja, kunywa kabla kiu haijaja. Ndizi mbivu mbili mfukoni, maji yenye sukari na chumvi kidogo. Bushera nayo ni nzuri, mradi isiwe ile iliyokaa hata ikaanza kulewesha. Usiku wa kuamkia mbio, shiba posho na maharage au matoke, si chai tupu. Vinywaji vya kopo vinavyotangazwa kwa picha za mabingwa, waachieni wenye kopo zao.

Lakini ndizi mbili nazo zinanunuliwa. Kima cha chini cha mshahara cha shilingi 6,000 kwa mwezi kiliwekwa mwaka 1984. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha, na Rais hakuutia sahihi. Huko Nakivale hali imekuwa nzito zaidi. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilianza kugawa mgao kwa makundi, wengine zaidi, wengine kidogo, wengine sifuri, na mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipokatwa, watu wapatao milioni moja nchini Uganda waliondolewa katika mgao. Mwenzetu mmoja wa Rubondo, fundi wa kupanda vilima, aliacha kuja Jumapili. Tulipomfuata alituambia kwamba akija anarudi na njaa ya watu wawili, na nyumbani hakuna cha mtu mmoja. Tulikosa la kumjibu.

Hapo ndipo tunapowauliza ndugu zetu wanaotupinga: neno hili la mtu kukosa cha kula baada ya jasho lake ni la michezo, au ni la chama?

Tuseme na habari ya Nakivale yenyewe, maana wapo wanaotuuliza mkimbizi anaingiaje katika mambo ya tawi. Makazi yale yapo tangu miaka ya mwisho ya 1950, walipoanza kupokewa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchini mwao. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi, na kazi anaifanya: migomba ya Isingiro inapaliliwa na mikono hiyo. Akilipwa nusu ya ujira kwa sababu ni mgeni, ujira wa mwenyeji nao unashuka. Kwa hiyo tunapopanda naye Jumapili hatumfanyii hisani.

Tena mchezo umekwisha kuonyesha mfano. Mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, kule Rio, ilikuwa na watu 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya. Mwaka 2024, Paris, Eyeru Gebru wa Tigray alipanda mbio za baiskeli za barabarani chini ya bendera ya timu hiyo hiyo. Kakuma ni jangwa na vumbi. Nakivale kuna vilima, kuna mwinuko wa kutosha wa kuzoeza mapafu, kuna barabara ya murram inayomfundisha mtu kushika usukani. Lakini wakati fulani mwandalizi mmoja wa mbio, ambaye hatutamtaja, aliwarudisha wenzetu wanne mstarini kwa kuwa hawakuwa na kitambulisho cha taifa. Walikuwa wamekuja kwa baiskeli usiku. Walirudi kwa baiskeli.

Basi tunachopendekeza ni hiki. Tawi liandae mbio zake, kutoka Mbarara kwa barabara ya Kikagati, kupita Kaberebere mpaka mji wa Isingiro, kisha kuacha lami na kuingia murram mpaka Nakivale. Wenye baiskeli za gia moja wapangwe peke yao na washindane wenyewe kwa wenyewe. Si haki kumlinganisha mwenye chuma cha kilo ishirini na mwenye gia ishirini. Wanawake wawe na mbio zao siku hiyo hiyo na zawadi ile ile. Wachuma chai wa kike wana mapafu ambayo wanaume wengi hapa wangeyaonea wivu, na ile minong'ono ya kwamba mwanamke hapandi baiskeli tuizike. Kitambulisho cha mkimbizi kikubaliwe kama kitambulisho chochote.

Kofia ngumu ni lazima. Malori yaendayo Rwanda na Kongo hayamsubiri mtu, na tumewazika watu waliogongwa wakienda kazini, siyo kwenye mbio.

Wapya wafundishwe kwanza kupanda katika kundi: kwenda sawa, kutofunga breki ghafla, kunyoosha mkono ukiona shimo, kupokezana mbele. Anayekaa nyuma ya mwenzake kwenye tambarare huokoa karibu theluthi ya nguvu zake, na akitangulia zamu yake huwalipa wengine. Hatusemi mafumbo hapa. Ni upepo tu.

Kuhusu fedha, ada ya mwanachama isiguswe. Tawi litoe barua, gari moja la kufuata nyuma na mtu wa huduma ya kwanza. Zawadi zisiwe vikombe. Kikombe kinakaa kabatini, na wengi wetu kabati hatuna. Ziwe matairi, tyubu, minyororo na spoki. Kampuni ikitaka kuchangia, ichangie, lakini isije kutuvalisha fulana zake, ikapiga picha, kisha Jumatatu ikamkata mshahara aliyechelewa zamu. Tena kabla ya yote, wajumbe wetu waingize katika mazungumzo na waajiri kwamba siku ya mapumziko ya juma iandikwe katika ratiba mwezi mmoja mbele na isihamishwe bila mfanyakazi mwenyewe kukubali. Hilo litawafaa hata wasiopenda baiskeli: mwenye kwenda kanisani au msikitini, mwenye shamba lake, na mwenye kutaka kulala tu.

Wanaotaka kushiriki waandikishe majina kwa mjumbe wa idara zao, na kwa upande wa Nakivale kwa wenzetu wa Rubondo, Juru na Base Camp. Kila mmoja aeleze baiskeli yake ni ya namna gani na kama breki zote mbili zinashika. Watakaokuwa zamu ya usiku wa Jumamosi wataje hilo mapema, ili tujue ni nani wa kuombewa kubadilishiwa zamu.